Rejeta ya Orbin

Sogeeni huku karibu na jiko. Wewe unayetafuna, meza kwanza. Na hiyo redio izimwe, maana nikikatizwa katikati sirudii. Nyamazeni basi. Kimya. Haya.

Arlis alikuwa mume wa dada yangu Delphia. Mtu wa mikono. Alichimba makaa ya mawe miaka ishirini na saba, na alipoacha mgodi akabaki na kikohozi chake na banda nyuma ya nyumba, akitengeneza magari ya bonde letu zima. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, jua zuri, mitofaa imechanua, Vesta akamwita nyumbani kwake. Vesta alikuwa mjane wa Orbin, mama mgonjwa, mapafu yameshachoka.

"Ile pikapu ya Orbin iko bandani mwaka wa thelathini na moja sasa," akamwambia. "Itengeneze. Siku ya Kupamba Makaburi unipandishe nayo kule juu nikamwekee mume wangu maua. Kwa miguu siwezi tena. Ukishanirudisha, ichukue iwe yako."

"Tafuta fundi mwingine, dada Vesta. Mimi kifua hiki..."

"Wewe ndiye ulikuwa rafiki yake."

Arlis akatazama viatu vyake. "Haya," akasema.

Akaivuta mpaka bandani kwake kwa mnyororo. Alipofungua boneti, pale mbele palikuwa wazi, kama kinywa kilichong'olewa meno. Rejeta, ile ya kupoozea maji ya injini, haikuwepo. Wala hakushtuka. Alijua tangu zamani kwamba haitakuwepo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kidonda. Ujanani Arlis na Orbin walikuwa wakipika gongo ya mahindi kwa siri, huko msituni nyuma ya kijito. Arlis alikuwa wa mtambo. Orbin alikuwa wa kuonja, kila pipa yeye ndiye wa kwanza. Arlis mwenyewe hakuonja hata tone, alikuwa amemwapia Delphia. Mwaka mmoja askari wa wilaya wakauvamia mtambo, wakalipondaponda bomba la shaba la kupoozea mvuke. Na harusi mbili zilikuwa zinangoja pombe. Huku kwetu kila mtu anajua, mpaka mtoto wa kunyonya: mvuke wa gongo haupitishwi kwenye rejeta ya gari. Rejeta imelehemiwa kwa madini ya risasi, na ile risasi inayeyukia kwenye pombe. Ni sumu tupu.

Arlis alijua. Lakini pikapu ya Orbin ilikuwa bandani imevunjika difu, zile gia za ekseli ya nyuma, haiendi popote, na Orbin alikuwa zamu ya mgodini. Arlis akaingia, akafungua rejeta, akairudisha boneti chini polepole. Ilikuwa na tundu chini, karibu na mpira wa kutolea maji. Akaliziba kwa kipande cha kopo la ugoro, akakikata kwa mkasi wa Delphia, akakilehemu. Akamwambia Orbin, nimepata bomba jipya kwa watu wa ng'ambo ya mlima. Orbin akamwamini. Akaonja.

Alikufa siku ya kumi na moja, akilia kwa maumivu ya tumbo. Mtu mwingine, Burl, kinyozi wetu, akapofuka macho yote mawili. Watu wakaenda bandani kwa Orbin, wakafungua boneti, wakaona hakuna rejeta. Basi wakajua, au walidhani wamejua. Orbin ndiye aliyewapa wenzake sumu, tamaa imemrudi mwenyewe. Kanisa likakataa kumzika ndani ya uzio wa makaburi. Akalazwa nje, upande wa malisho ya ng'ombe. Arlis alisimama pale kaburini ameshika kofia, akasikia kila neno. Akanyamaza. Usiku ule rejeta aliitupa kwenye shimo la mgodi mkongwe lililojaa maji, mahali ambapo hakuna kamba inayofika chini.

Na sasa Vesta alikuwa anakufa. Wazee wa kanisa walishamwambia: wewe tutakuzika ndani, mumeo abaki nje. Au ukalale naye huko huko kwa ng'ombe. Chagua. Mtu mmoja tu duniani angeweza kumwondolea Vesta uchaguzi huo, na mtu huyo alikuwa uvunguni mwa gari, akijifanya ana kazi nyingi.

Kazi aliifanya kweli. Difu akaifungua, akatoa gia iliyong'oka meno, akaweka nyingine. Giaboksi akaishusha, akaiosha kwa mafuta ya taa, akatia beringi mpya. Klachi mpya, jointi za propela shafti mpya, pampu ya maji mpya. Rejeta akaletewa na jirani yake Hershel, aliyekuwa na yadi ya vyuma chakavu, mtu wa maneno mengi. Akasema ameitoa wilaya ya tatu kutoka kwetu, kwenye gari la mzee mmoja wa Kiholanzi.

Siku ya kuijaribu wakapanda nayo mlima wa makaburini, yeye na Hershel. Ilikwenda vizuri hadi kona ya pili, pale uzio unapoanza kuonekana. Mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu. Gia ya pili ikachomoka yenyewe, tak! Gari likasimama linatoa mvuke.

Walipofungua rejeta ilikuwa kavu. Si kwamba maji yamepungua. Kavu. Hershel akalala chini akatazama. Udongo chini ya gari ulikuwa mkavu vilevile.

"Bwana Arlis," akasema Hershel akijifuta magoti, "gari lako halivuji. Linakunywa. Limerithi tabia za mwenye nalo!" Akacheka hadi akakohoa.

Arlis hakucheka.

Wiki mbili akatafuta ugonjwa. Akabana mipira yote ya maji, hakuna uliolegea. Akabadilisha mfuniko. Akachomoa fimbo ya oili akitegemea kuiona nyeupe kama maziwa, maana gasketi ikiungua maji huingia kwenye oili. Oili ilikuwa safi. Akatazama bomba la moshi, hakuna mvuke. Themostati, kile kidude cha kufungulia maji ya injini yakipata moto, akaichemsha jikoni aone kama inafunguka.

"Hiyo ni sufuria yangu ya maharagwe, Arlis!" dada yangu akapiga kelele. "Leo utakula themostati na mkate wa mahindi, nakwambia!"

Ilifunguka sawasawa. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Na kila alipofika kona ya pili, tak, gia inachomoka, rejeta kavu.

Alhamisi moja, saa sita mchana, alikuwa peke yake bandani. Injini imezimwa. Akawa anamimina maji kwenye rejeta kwa birika. Rejeta ile huchukua galoni nne. Alimimina nne, yakashuka. Akamimina ya tano. Yakashuka. Ya sita. Ya saba. Akaweka birika chini, akainama, akatega sikio kwenye mdomo wa rejeta.

Mtu alikuwa anameza.

Gudu. Gudu. Gudu.

Kisha pumzi, ndefu, kama ya mtu aliyekata kiu baada ya kuteseka sana. Ikamgonga usoni. Ilikuwa na harufu ya mahindi yaliyochacha.

Arlis akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Gari lilikuwa juu ya mawe, magurudumu ya nyuma hewani, gia haijaingizwa. Akasikia chuma kikisaga chini. Akachutama. Propela shafti, lile bomba refu la kuzungushia magurudumu ya nyuma, ilikuwa inazunguka. Taratibu. Inasimama, halafu inazunguka tena. Kama mtu aliyelala chini anayeipima kwa mkono, ajue fundi amefanya kazi gani.

"Orbin," akanong'ona.

Shafti ikasimama.

Alipopata nguvu akaichomoa rejeta, akaigeuza juu ya meza, akakwangua ukoko kwa brashi ya waya. Chini, karibu na mpira wa kutolea maji, kulikuwa na kiraka cha kopo la ugoro. Ukingo wake mmoja ulikuwa na vijino vijino, kwa sababu mkasi wa Delphia ulikuwa butu. Mtu huijua kazi ya mkono wake kama anavyoujua mwandiko wake.

Na mnadhani alifanya nini? Alikimbilia kwa Vesta? Alipiga magoti? La. Alichukua rangi nyeusi, akaipaka rejeta nzima, kiraka kisionekane. Akairudisha mahali pake, akafunga nati moja moja. Aibu ya mtu mzima ndivyo ilivyo. Mzimu aliuogopa, lakini macho ya watu aliyaogopa zaidi.

Dada yangu alimkuta anaosha brashi. "Unaficha nini?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna."

"Umepauka kama unga."

"Hakuna, Delphia."

Jumapili ya Kupamba Makaburi ikafika, mwezi wa tano, mchana kweupe. Vesta akapandishwa mbele kwa Arlis, amevaa gauni lake la kijivu, maua yamejaa nyuma ya pikapu. Kanisa zima likafuata kwa miguu, kina mama na vikapu vya kuku wa kukaanga, watoto wanarukaruka, Burl kipofu ameshikwa mkono na binti yake. Nami nilikuwemo.

Kona ya kwanza wakapita. Vesta alikuwa ametulia, mikono mapajani. Halafu akasema, hata hakugeuza kichwa:

"Arlis. Kati yetu kuna mtu."

Arlis akatazama. Kiti kile kilikuwa kimoja kirefu cha ngozi. Katikati, kati yake na Vesta, ngozi ilikuwa imebonyea. Imebonyea vizuri, kama inavyobonyea mtu mzima akikaa.

Kona ya pili. Mshale ukapanda.

Tak!

Gari likaanza kurudi nyuma. Nyuma kulikuwa na watu. Watoto. Arlis akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, ikashika, maua yakamwagika njiani. Mvuke ukatoka chini ya boneti, mweupe, kimya. Watu wakaja mbio.

"Maji! Mleteeni maji!" Hershel akapiga kelele.

"Hataki maji," akasema Vesta. Alikuwa anakitazama kile kiti kilichobonyea, na machozi yanamtoka. Akanong'ona, "Mwambie anachotaka, Arlis. Nisije nikafa bila kukisikia."

Arlis akafungua mlango. Akashuka. Akavua kofia, kama siku ile ya maziko. Watu wote walikuwa pale barabarani.

"Ni mimi," akasema. "Rejeta niliichomoa mimi. Nikamdanganya Orbin. Hakujua. Hakujua kitu. Aliyewapa sumu ni mimi."

Nakumbuka mtoto mmoja alicheka, mama yake akamziba mdomo.

Kisha Burl akaachia mkono wa binti yake. "Nani huyo anayesema? Arlis?" Akaja akipapasa hewa hadi akamfikia. Akamshika uso kwa mikono miwili, kinyozi yule, kama alivyokuwa akiwashika wateja wake. "Sema tena. Karibu. Wewe ndiye uliyekuwa unanisomea magazeti kila Jumamosi?"

"Ndiyo, Burl."

"Miaka thelathini na moja?"

"Ndiyo."

Burl akamwachia uso. Akajifuta mikono kwenye suruali, upande huu na upande huu, akarudi kwa binti yake. Heri angempiga.

Arlis alirudi kwenye gari maana Vesta alimwita. Hakumwambia nimekusamehe. Hakuwahi kumwambia. Alisema neno moja tu: "Endesha." Arlis akaingiza gia ya pili, ikashika. Mshale ukalala chini. Wakapanda hadi juu.

Mchana uleule, kabla ya chakula, wanaume walikwenda na koleo na nyundo wakang'oa nguzo za uzio upande wa ng'ombe, wakazipeleka mbele hatua tisa, Orbin akawa ndani. Vesta alifariki majani yalipoanza kupukutika. Amelala hapo hapo, ubavuni mwa mumewe.

Arlis aliishi miaka mitatu zaidi. Watu walimletea magari yao kama kawaida, ila walimwachia funguo dirishani, hawakuingia. Alipokufa, daktari alisema ni kifua cha mgodini, na sisi tuliamini. Mimi na dada yangu ndio tuliomwosha. Nilishika beseni, Delphia akashika kitambaa. Alipomfungua mdomo amsafishe, akasimama. Akaniita kwa kidole.

Kwenye fizi zake, juu na chini, ulikuwepo mstari wa buluu, mwembamba, umefuata mizizi ya meno yote. Daktari tukamwonyesha. Akasema mstari huo huwapata watu waliokunywa risasi. Si mara moja. Kila siku, muda mrefu. Akauliza mzee alikuwa anakunywa nini. Delphia akasema kahawa. Hakusema kwamba miaka mitatu kahawa ile ilikuwa ikinuka mahindi yaliyochacha.

Vifaa vya banda alirithi Hershel. Pikapu ilikwenda kwa binti wa Burl, na anaiendesha hadi leo, haijamsumbua. Nyumba ni ya Delphia. Saa yake ya mgodini ninayo mimi. Na jina lake, wajukuu zake wanne wamezaliwa tangu hapo, wanaume wote. Mmoja wao anaitwa Orbin. Lile la Arlis bado halijapata wa kulichukua.