Pingamizi la Bibi Harusi

"Aproni yako iko wapi, Enoch?"

Kezia Tidmarsh aliuliza hivyo mlangoni pa kanisa, Jumapili asubuhi, kengele zikilia na sisi majirani tukipita kuingia ndani. Enoch Pruett alivua kofia, akaivaa tena.

"Nimeiuza."

"Umemuuzia nani?"

"Mtu tu. Hebu tuingie, mpenzi. Leo ndiyo mara ya tatu tunatangazwa."

"Mtu gani ananunua aproni ya ngozi siku hizi?"

Enoch akatazama viatu vyake, akaingia. Kijana huyu hakujua kusema uongo, na siku hiyo alijaribu.

Swali la Kezia halikuwa la bure. Miezi ile kulikuwa na mtu anayeua wanawake hapa kwetu Whitechapel, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeijua sura yake. Mtaa usipojua jambo huliumba, na wetu uliumba kwamba muuaji huvaa aproni ya ngozi. Fundi viatu mmoja alipigwa mpaka meno yakamtoka, kosa lake kuvaa vazi la kazi. Na Enoch kazi yake ilikuwa kuchuna farasi wazee machinjioni asubuhi, kisha kusukuma mkokoteni na kuuza nyama yao kwa wenye paka. Akipita, paka wa mitaa yote humfuata nyuma. Tulimwita Baba Paka, naye aliitika.

Basi jana yake, Jumamosi, Kezia alitaka kufua gagulo lake la harusi kabla ya wakati. Kwetu nguo hufuliwa Jumatatu, na anayefua Jumamosi husemwa, kwa hiyo alinyemelea chumba cha kufulia mama yake akiwa sokoni. Alipofunua lile pipa la shaba la kuchemshia nguo, akakuta aproni ya ngozi imekunjwa chini kabisa, ina damu iliyokauka. Aliijua kwa kiraka cha kifuani, maana alikishona mwenyewe. Akafunika, akalala macho. Kulipokucha akarudi kuangalia. Pipa lilikuwa tupu.

Angemuuliza mama yake, lakini Mama Tidmarsh na Enoch walikuwa paka na panya. Kijana akibisha hodi, mama husema, "Kezia, harufu imefika." Akipewa chai, hupewa kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Ukimwambia mama huyo kuna damu, unampa kamba ya kumnyongea mkwe.

Kanisani jiko la makaa lilikuwa linawaka vizuri, lakini Mama Tidmarsh aliketi na koti lake zito amelifunga vifungo mpaka kidevuni, jasho linamtoka. Paka wawili waliingia nyuma yake. Mzee wa kanisa akawafukuza, wakarudi kwa mlango wa pembeni, wakakaa miguuni pake. Mimi nilikuwa benchi la nyuma yake na nilicheka kimoyomoyo. Nilidhani wamemfuata Enoch.

Kasisi akafika kwenye matangazo.

"Natangaza ndoa kati ya Enoch Pruett na Kezia Tidmarsh, wote wa mtaa huu. Mtu akijua sababu ya halali ya kuwazuia hawa wawili wasioane, na aseme. Hii ni mara ya tatu na ya mwisho."

Kezia akasimama.

Kasisi alimtazama juu ya miwani. "Binti, umesahau kitu?"

"Nina pingamizi."

"Wewe ndiye bibi harusi."

"Najua, Baba. Ndiyo maana inaniuma." Hakuketi. "Nampenda Enoch kuliko ninavyoweza kusema mbele ya watu. Lakini aproni yake ilifichwa nyumbani kwetu, ina damu, na leo ameniambia ameiuza. Siwezi kuolewa na mtu ninayemwogopa. Enoch, niambie ni uongo, nitakuomba radhi nikiwa nimepiga magoti hapa hapa."

 Mabenchi yakaanza kulia, wanaume mmoja mmoja wakiinuka. Mchukuzi wa makaa, mtu mwenye mabega kama mlango, akaenda kuufunga mlango wenyewe, akasimama mbele yake. Nilijua kinachofuata, kwa sababu nilimwona yule fundi viatu siku aliyopigwa.

Enoch alikuwa mweupe kama nta. Hakumtazama Kezia wala wale wanaume. Alimtazama Mama Tidmarsh.

"Niliapa," alisema polepole. "Siwezi kusema."

"Basi nitasema mimi," akajibu Mama Tidmarsh, akainuka. "Kaa chini, Kezia, kabla hujatumalizia ukoo."

Akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, bila haraka. Alipolifunua koti tukaona aproni ya ngozi imemfika magotini, na kiraka chake kifuani. Paka mmoja akaruka, akaning'inia kwenye upindo.

"Huyu anaijua damu ya farasi kuliko ninyi nyote," alisema. "Haya, mwenye aproni ndiye muuaji, si ndivyo mnavyosema? Nikamateni."

Hakuna aliyesogea.

"Kijana alikuja kwangu juzi, siku ile fundi viatu alipopigwa. Nikamwambia ilete aproni hapa, nani atapekua pipa langu kabla ya Jumatatu? Jana nikasikia askari watapita nyumba kwa nyumba leo. Kama wangeitoa mbele ya mtaa huu, asingefika salama hata kona ya barabara. Nikaivaa. Na usiku aliouawa yule mama wa mwisho, Enoch alikuwa amelala kwenye chumba changu cha kufulia, sakafuni, kama alivyolala kila usiku tangu balaa hili lianze. Sisi ni wanawake wawili peke yetu. Nilimwomba mimi atulinde."

Mchukuzi wa makaa akauliza kutoka mlangoni, "Utajuaje kama hakutoka, mama?"

"Nilimfungia komeo kwa nje mpaka asubuhi, nikamtoa kabla Kezia hajashuka. Nina binti mzuri, baba, mimi si mjinga."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikapanda mpaka kwa kasisi mwenyewe, aliyejifanya anakohoa. Mchukuzi wa makaa akaacha mlango. Mwuza nyama mmoja akakiri kwamba aproni yake iko chini ya godoro, mwenzake akasema yake iko kwenye banda la kuku.

Kezia hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Tazama ulivyolitunza jambo leo."

Kezia akamgeukia Enoch, akaanza kupiga magoti kama alivyoahidi. Enoch akamdaka viwiko.

"Simama. Utachafua gauni."

"Ulilala sakafuni siku zote hizo?"

"Nilikuwa nakusikia unaimba juu asubuhi. Sikuona taabu."

"Nisamehe, Enoch."

"Ulisimama mbele ya watu wote hawa ukasema unanipenda. Yale mengine sikuyasikia vizuri."

Kasisi akauliza kama pingamizi bado lipo. Kezia akasema halipo tena, kwa sauti ndogo ambayo hatujapata kuisikia kwake kabla wala baada.

Muuaji yule hakukamatwa, na hata leo hakuna amjuaye. Wanawake tuliendelea kutembea wawili wawili, lakini wanaume wa mtaa wetu walizitoa aproni zao mafichoni, na hakuna aliyepigwa tena.

Harusi ilikuwa na samaki aina ya mkunga wa kuchemsha, bia, na paka wasio na idadi. Kasisi alipofika pale pa kuuliza tena kama kuna mwenye sababu ya kuzuia, kanisa zima tuligeuka kumtazama bibi harusi. Kezia alifumba midomo, akamshika Enoch mkono kwa nguvu. Mama Tidmarsh, benchi la mbele, akamnong'oneza mkwewe, nasi wa nyuma tukasikia:

"Harufu, chai yako leo ipo kwenye kikombe kizima."