Masizi ya Murara

Kasha la santuri lilikuwa mezani, tupu. Gramafoni ya kuazima ilikuwa mahali pake, redio ya mwenye nyumba mahali pake, hata saa yake ya ukutani ilikuwa inatembea. Mwizi alikuwa ameingia chumba cha Muzee Jumaine hapa mtaa wa Mapendo, akaacha kila kitu cha kuuzika, akaondoka na sahani moja ya santuri.

"Mwizi wa namna gani huyu?" Inspekta Baharanyi alisema, wala hakuwa anamwuliza mtu.

Alikuwa amechoka, tena amechoka vibaya. Mwezi haujaisha tangu volkano ya Nyiragongo imwage moto na kumeza mitaa mizima. Kituo chake cha polisi kilikuwa chini ya mawe. Mshahara ulikuwa hadithi tangu waasi washike Goma. Watu walikuwa wanaibiana mabati mchana kweupe, na yeye, mwana wa Bukavu mwenye diploma yake, ametumwa kutafuta muziki! Balaa gani hii?

"Si muziki hivi hivi, Inspekta," alisema Muzee Jumaine, macho mekundu. "Ni jazi. Batu batano tu: tarumbeta, saksafoni, piano, besi na ngoma. Niliinunua Kisangani nikiwa dereva kijana. Wimbo wa pili, iko mukwaruzo kidogo pale mwenye piano anaingia. Lebo ni ya buluu, imebanduka karibu na tundu. Siku ya moto nilitoka mutaa wetu wa Murara na hiyo tu mu mukono. Nyumba yote ilibaki chini ya lava."

"Nani aliitaka?"

"Paulin! Yule mutangazaji wa redio. Kila mara anakuja kunibembeleza nimuuzie. Jana alikuwa hapa tena."

Ikawa hivyo. Kabla ya adhuhuri Paulin alikuwa kasho, amefungiwa. Chumba chake kilipekuliwa hadi chini ya godoro; sahani zilikuwa tele, ile haikuwemo. Kamanda wa waasi hakutaka maneno marefu: kama kijana hajasema hadi jioni, atakabidhiwa kwa askari. Huko kwa askari watu waliingia na viatu wakatoka bila viatu, na wengine hawakutoka.

"Umeipeleka wapi?" Baharanyi aliuliza.

"Sijaichukua, afande."

"Jana ulikuwa pale."

"Nilikuwa pale, nikaisikiliza, nikaenda zangu."

"Uliitaka."

"Niliitaka na kasha lake! Nani anaiba sahani anaacha kasha? Kasha ndilo lina majina ya wapigaji na picha zao. Bila kasha nimeiba nini sasa?"

Baharanyi alipiga meza kwa kiganja. Kilichomuudhi ni kwamba kijana alikuwa anasema kweli. Mpenzi wa sahani angebeba vyote viwili. Aliyeacha kasha hakutaka kuwa nayo, alitaka isiwepo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Akarudi Mapendo kwa miguu, maana pikipiki haikuwa na mafuta, akiitukana volkano, akimtukana kamanda, akaitukana na jazi yenyewe.

Nyuma ya nyumba alimkuta Mama Mwasiti, mke wa muzee, akichambua maharagwe.

"Karibu, papa Inspekta. Utatusamehe, chai hakuna. Makaa yamekuwa ghali mno."

"Sasa mnapika na nini?"

"Na lava. Wamama tunaenda Murara, kule mu mipasuko mawe yangali ya moto. Unatia sufuria juu, maharagwe yanaiva yenyewe. Hakuna kuni, hakuna moshi."

"Jana ulienda?"

"Kila siku naenda."

Sufuria yake ilikuwa imefudikizwa juu ya jiwe, ikikauka. Kitako chake kilikuwa cheusi ti. Baharanyi aliitazama, akageuka aondoke, kisha akarudi. Akainama, akakwaruza kwa ukucha.

"Mama, hii ni nini?"

"Masizi."

"Masizi ya moto usio na moshi?"

Vidole vya Mwasiti viliendelea kupekua maharagwe, lakini hakuna kijiwe kilichotoka.

Inspekta aliigeuzia sufuria juani. Ule weusi uling'aa, na ndani yake mlikuwa na mistari myembamba ya duara, mmoja nyuma ya mwingine. Katikati kilinata kipande cha karatasi ya buluu.

"Mama Mwasiti, jioni hii Paulin anakabidhiwa kwa askari. Unajua maana yake."

"Paulin?" Ungo ulimponyoka, maharagwe yakamwagika. "Ee Mungu wangu! Mimi nilijua muzee atalia, basi. Sikujua mutafunga mutoto wa mutu! Ni mimi, Inspekta. Niliiweka juu ya jiwe, nikaikandamiza na sufuria. Ikalainika kama chapati. Iliyobaki nikatupa mu mupasuko."

Muzee Jumaine alikuwa amesimama mlangoni, kasha mkononi.

"Mwasiti! Nimekukosea nini?"

"Murara, mu ukuta, juu ya sahani zako, kulikuwa picha ya Nasiba." Akamgeukia Inspekta. "Binti yetu. Alikufa mu vita ya kwanza, tukikimbia, kule Kalengera. Picha yake ilikuwa moja tu. Siku ya moto huyu alinyoosha mukono, akachukua sahani, picha akaiacha."

"Nilizani umeichukua wewe," alisema Jumaine.

"Mimi nilikuwa nimemubeba mama yako mu mugongo!"

Mwasiti alifuta pua kwa ncha ya kitenge.

"Kila jioni anaipiga, anafunga macho, anafurahi. Nilivumilia hadi nikashindwa. Inspekta, asubuhi alikuelezea mukwaruzo, akakuelezea lebo. Sasa mwulize, Nasiba alikuwa amevaa nini mu ile picha?"

Baharanyi hakutaka kuuliza. Alimtazama tu. Muzee alilitazama kasha kana kwamba jibu lingekuwa humo.

"Robe ya njano," alisema Mwasiti. "Ya Idi. Ulimununulia wewe."

Jumaine aliketi kizingitini, akalia kwa sauti.

"Muzee, unamshitaki?" Inspekta aliuliza, kwa kuwa sheria ilimtaka aulize.

Muzee alitikisa kichwa. Baharanyi akaondoka mbio kwenda kumtoa Paulin, jua likiwa bado juu. Sufuria, ushahidi wake pekee, aliiacha pale pale juu ya jiwe. Maharagwe yalikuwa hayajapikwa.