Wawili Mbele ya Kipimajeraha

Kipimajeraha kilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, na kiliweza kuona jeraha la moyo kabla mwenye nalo hajafungua mdomo. Kilisoma mapigo, jasho na mwendo wa pumzi. Tangu kisimikwe katika ofisi ya fidia ya jiji la Zinga Mpya, madaktari wa akili walipangiwa kazi nyingine.

Mwanamke aitwaye Sikudhani alikuwa mwelekezi wa roboti waokoaji. Jengo likiporomoka, roboti waliingia, naye, kwenye kiti chake ofisini, akaona kwa macho yao. Sheria haikuruhusu mashine iamue nani avutwe kwanza na nani aachwe. Mzigo huo ulibaki kwa binadamu. Aliubeba miaka mingi. Mama yake alipofariki, alisimamia wali wa msibani na kuuliza kama chumvi imekolea. Hakulia. Ndipo wifi yake, Mwantumu, alipoogopa na kumhimiza adai fidia. Kipimajeraha kikimthibitisha, angetibiwa na asirudi tena kwenye kile kiti.

Karani, Bwana Lukindo, alieleza kwamba mdai huingia peke yake. Mwantumu alikataa katakata. Kwao mgonjwa hasindikizwi mpaka mlangoni tu, akaachwa. Hata leba waliingia pamoja. Lukindo alichoka kubishana, akawaachia. Wakaketi wamebanana, Mwantumu upande wa kushoto.

Kipimajeraha kikaonyesha kumbukumbu za kazini: vumbi, mkono wa mtoto ukipunga chini ya zege, na sauti ya Sikudhani mwenyewe ikisema, "Huyo mwache. Nenda chumba cha pili."

Sikudhani alitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Mwantumu alijifunika ushungi, akalia kwa kwikwi.

Majibu yalitoka papo hapo. Aliyeketi kushoto ameumia vibaya, atibiwe leo. Aliyeketi kulia ni mzima.

"Jumatatu unaripoti kazini," Lukindo alimwambia Sikudhani, bila kumtazama.

"Mimi nimeona mara moja tu," Mwantumu alisema. "Huyu kaona kila siku. Mzima yupi hapa?"

Lukindo alijibu kwamba karani haruhusiwi kupinga kipimo. Ilionekana hata yeye jibu hilo halikumpendeza.

Sikudhani alimfuta wifi yake machozi kwa ncha ya khanga. Alijua anapaswa kuhuzunika. Aliitafuta huzuni hiyo, akakuta wivu tu.

"Lia, wifi," alisema. "Nililie na mimi."