Aliyeitwa Tanurini

Kichomeo kilizimwa tangu alfajiri, na sasa adhuhuri ishapita, lakini mlango wa tanuri ulimchoma Bashira vidole. Akavipuliza, akafungua kisanduku cha nyuma. Palipotakiwa kuwa na swichi ya kukata moto joto likizidi, palikuwa na kipande cha waya kimeunga ncha mbili.

"Nani kaunga hivi?"

"Fundi aliyepita," akasema Ridhwan, mwoka mikate ya boflo, kutoka mlangoni. Hakuingia. "Ile swichi ikikata moto kila mara, fundi. Mikate inatoka mibichi."

"Na mfanyakazi wenu Amne akaungua humu, mkamzika."

"Amne kachukuliwa na jini."

"Kila mkiua mtu kwa uzembe anashitakiwa jini, kwa kuwa hana wakili."

Ridhwan akaondoka bila kuaga.

Fundi. Tangu mama yake afe, miezi mitano sasa, hapakuwa na mtu aliyemwita Bashira kwa jina. Kazini alikuwa fundi. Kule Tunguu, kwenye chumba chake cha kupanga, alikuwa mpangaji.

Akafunga swichi mpya, ya kukata kwenye nyuzi mia mbili na sitini. Kuijaribu, akawasha kichomeo, akazima feni ili joto lijae, akakaa mbele ya kipimajoto. Mia mbili. Mia mbili na arubaini. Kwenye sitini swichi ikalia tak, moto ukafa. Kazi safi.

Ila sindano haikurudi. Ilipita mia tatu, ikapita mia tatu na ishirini, na kichomeo kimekufa, na bomba la dizeli kalifunga kwa mkono wake mwenyewe, na ndani ya tanuri tupu kukaanza kunuka nywele zilizoungua zikichanganyika na udi, kisha kitu kikakwaruza matofali kwa ndani, taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, na sauti ya kike, laini, ya mtu aliyemjua siku zote, ikasema:

"Bashira."

"Naam," akaitika kabla hajafikiri. Ndivyo alivyolelewa.

Sindano ikaporomoka. Mlango ukawa baridi.

Barazani, Mzee Mbarouk, mwenye tanuri, alimtazama uso, akashusha sauti.

"Kakwita?"

"Nani?"

"Umemwitikia, mwanangu?" Hakungoja jibu. "Humu akiita hatujibu. Tunagonga sinia, basi. Kila mtu anajua."

"Mimi ntajuaje? Nani kaniambia?"

"Tulijua utatucheka." Mzee akatazama chini. "Amne alimwitikia mara moja, hapa. Mara ya pili alikuwa kwao Bwejuu, anaosha vyombo. Asubuhi tulimkuta ndani ya tanuri, na moto hatujawasha. Atakuita tena, popote ulipo. Usikae peke yako. Akiita, mtu akuzibe mdomo."

"Mtu gani?" Bashira akauliza.



Chumbani Tunguu alifunga mlango, akajifunga mdomo kwa mtandio, mafundo mawili kisogoni. Jua lilikuwa bado juu. Nje watoto wa jirani walicheza, kisha wakaitwa kwao, mmoja mmoja, mpaka uwanja ukawa kimya.

"Bashira," ikasema sauti, nyuma ya ukuta.

Akauma kitambaa. Machozi yakamtoka.

"Bashira. Ushakula, mwanangu?"

Hilo hakuwahi kuulizwa na mtu tangu siku ya mazishi ya mama yake. Vidole vyake vikapanda kisogoni, vikafungua fundo la kwanza, vikafungua la pili.

"Sijala," akasema.