Mtoto wa Kumi na Tatu

Kwa miaka ishirini na sita niliendesha basi la shule katika bonde la Alder Creek. Verna, mke wangu, alikuwa karani wa shule hiyohiyo. Mimi niliwafikisha watoto mlangoni, yeye aliwaandika daftarini. Nyumbani tulitaniana nani kati yetu alikuwa na kazi kubwa.

"Wewe ukikosea njia, mtoto anachelewa dakika kumi," Verna alikuwa akisema. "Mimi nikikosea karatasi, mtoto anapoteza mwaka."

Mwaka ninaousimulia hapa, Verna alikuwa amekwisha kustaafu. Mimi bado nilikuwa barabarani. Kituo changu cha mwisho kilikuwa kwa akina Haskett, wafuga nyuki. Kila asubuhi binti yao Jess, mwenye miaka kumi na sita, alipanda basi akinukia moshi wa kutulizia nyuki.

"Jess, leo umetuletea nyuki wangapi?" watoto walimchokoza.

"Watatu. Mmoja ni wako, kwa hiyo kaa kimya."

Baba yake, Dell, alikuwa na mizinga mia sita. Kila Januari aliipakia kwenye malori na kuipeleka California, kwenye mashamba ya lozi. Nyuki waliyachavusha maua ya huko mpaka katikati ya Machi. Kisha Dell akaumia mgongo. Mkewe, Twyla, alikuwa muuguzi na hakuweza kuacha zamu zake. Basi Jess akaenda na baba yake.

Hakuna aliyemlazimisha. Jess aliwajua nyuki kuliko mtu yeyote bondeni. Aliweza kuweka sikio kwenye mzinga na kusema kama malkia yumo. Lakini aliporudi Machi, alikuta jina lake limefutwa kwa kukosa shule siku nyingi mfululizo. Alirudishwa, ila alifeli hesabu na kemia. Mwalimu alimweleza wazi kwamba akikosa tena msimu ujao, hatamaliza shule pamoja na wenzake. Na Jess alitaka kwenda chuo kikuu kusomea wadudu.

"Nataka vyote viwili, Babu Emmett," aliniambia siku moja akishuka. "Nyuki na shule. Kwa nini nichague?"

Twyla ndiye aliyepata habari za shule ya umma ya mtandaoni. Shule hiyo hailipishi ada. Walimu wake wamesajiliwa na serikali, ila hufundisha kupitia kompyuta. Mwanafunzi anaweza kuingia darasani akiwa popote, hata kando ya shamba la lozi.

Mwezi wa nane, kwenye maonyesho ya kilimo, Dell alikutana na Bwana Purdy, mkuu wa shule za wilaya yetu. Bwana Purdy alikuwa na sahani ya pai mkononi.

"Jess atahamia shule ya mtandaoni," Dell alimwambia.

"Vizuri sana. Namtakia kila la heri," alijibu Bwana Purdy.

Wakapeana mikono. Kwa Dell, jambo likaisha hapo. Bondeni kwetu mkono ni mkono. Nyasi zinauzwa kwa mkono. Zamu za maji zinapangwa kwa mkono. Dell huweka mizinga yake kwenye mashamba ya watu kumi na mmoja, na hapakuwa na hata karatasi moja kati yao. Siku iliyofuata alimwandikisha Jess kwenye tovuti ya shule ile, akarudi kwa nyuki wake.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, Verna alikuwa jikoni akitia pichi kwenye chupa za kuhifadhia. Dell, Twyla na Jess wakaingia. Dell alishika barua kama mtu aliyeshika nyoka.

"Bi Verna, nisomee hii. Pengine macho yangu yana kasoro."

"Macho yako ni mazima," alisema Twyla. "Masikio ndiyo mabovu. Nilikwambia uandike barua."

Verna alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma. Shule ya mtandaoni ilisema haiwezi kumpokea Jess kwa sababu haikuona kibali cha wilaya yake. Wilaya nayo ilikuwa imesema nafasi zote zimejaa.

"Nafasi zimejaaje?" Dell aliuliza. "Ni shule ya kompyuta. Madawati yameisha?"

Jess alicheka kidogo, lakini niliona macho yake yamelowa.

"Keti, Dell," Verna alisema. "Keti nikueleze. Fedha za serikali humfuata mtoto. Mtoto akihamia shule ya mtandaoni ya nje ya wilaya, fedha zake huenda naye. Wakihama wachache, shule yetu inastahimili. Wakihama wengi, tunapoteza mwalimu wa muziki, halafu wa sayansi, halafu basi la huyu mzee wangu hapa."

"Asante kwa kunitaja mwisho," nilisema.

"Ndiyo maana jimbo letu limeweka kikomo. Katika kila watoto mia moja wanaoishi wilayani, wakishafika watatu huko nje, wilaya inaweza kumkataa anayefuata. Sisi tuna watoto mia nne na wawili. Kwa hiyo kikomo chetu ni kumi na wawili."

"Na mimi ni wa kumi na tatu," Jess alisema taratibu.

"Hivyo ndivyo walivyoandika."

Dell alipiga meza, chupa za pichi zikalia. "Lakini nilimwambia Purdy mwezi wa nane! Nilimpa mkono!"

"Mkono hauna tarehe, Dell. Sheria inataka taarifa ya maandishi kwa wilaya unayoishi, kabla ya kuhama. Wengine waliandika mwezi wa tano na wa sita. Wewe ulizungumza na mtu aliyekuwa anakula pai."

Twyla alimtazama mumewe.

Dell akaja na wazo jingine. "Shemeji yangu anaishi ng'ambo ya mto, wilaya nyingine. Huko kikomo hakijafika. Naandika anwani yake, basi."

Verna alivua miwani. Nilimjua mke wangu. Akivua miwani, mtu ajiandae.

"Jess analala wapi?"

"Kwetu."

"Basi anwani yake ni kwenu. Ukiandika nyingine umedanganya kwenye karatasi ya serikali, na jina lililo juu ya karatasi ni la mtoto, si lako. Ikigundulika, atafutwa kule, na huku hayupo. Unataka apeleke hilo chuo kikuu?"

Dell aliinamisha kichwa. "Hapana, Bi Verna."

"Na wewe Jess, Jumatatu panda basi kama kawaida. Usiache kiti ulichonacho kabla ya kupewa kingine. Sasa tuandike."

Wakaandika pale pale, kati ya pichi na sukari. Jess alishika kalamu, Dell akasema maneno, Verna akakata yaliyozidi. Dell alitaka kuweka habari ya pai. Verna akaikata. Barua ilibaki na mistari saba. Ilitaja jina la mtoto, anwani ya kweli, shule anayotaka kwenda na sababu. Mwishoni iliomba wilaya iseme kwa maandishi hesabu yake ni ngapi, na ilihesabiwa lini.

"Chapa nakala mbili," Verna alisema. "Peleka mwenyewe ofisini. Waombe wagonge muhuri na tarehe kwenye zote mbili. Moja yao, moja yako. Kuanzia siku hiyo wana siku kumi na nne za kujibu. Wakikataa, lazima waeleze sababu na wakutajie njia nyingine za kusoma kwa mtandao. Usiporidhika, unakata rufaa kwa bodi ya elimu ya jimbo. Huo ndio mpango wa jimbo letu. Jimbo jingine lina wake, kwa hiyo mtu asikudanganye kwa sheria za kwingine."

Jumatatu Dell alipeleka barua, na nakala yake yenye muhuri Verna akaihifadhi kwenye faili lake. Siku ya tisa jibu likaja. Bwana Purdy aliandika kwa heshima. Watoto wa wilaya walikuwa mia nne na wawili, kikomo kumi na wawili, walioko nje kumi na wawili. Orodha ilihesabiwa mwezi wa tano. Alitaja pia masomo ya mtandaoni ya wilaya yenyewe. Hayo hayana kikomo, ila yanamtaka mwanafunzi kufika maabara kila Ijumaa.

"Kila Ijumaa, kutoka California," Jess alisema. "Labda nipande mgongoni kwa malkia."

Verna alikuwa ameweka kidole kwenye mstari mmoja. "Mwezi wa tano," alisema. "Emmett, tangu mwezi wa tano kuna nyumba iliyohamwa kwenye njia yako?"

Nilifikiri. Nyumba ya Tolliver ilikuwa na kufuli tangu Juni. Familia ilihamia jimbo jingine. Pacha wao hawakupanda basi langu mwaka mzima uliopita, maana walisoma nyumbani kwa kompyuta.

Nikafungua mdomo. Verna akainua mkono.

"Usitaje jina. Habari za watoto wa watu si za jikoni kwangu. Nimekuuliza kama ipo."

"Ipo."

"Inatosha." Akamgeukia Dell. "Kikomo ni cha watoto wanaoishi hapa. Aliyehama hahesabiki tena. Andika barua ya pili. Usimlaumu mtu, usimtaje mtu. Omba tu wahesabu upya kwa tarehe ya leo."

"Na wakihesabu wakapata walewale kumi na wawili?" Twyla aliuliza.

"Basi tutakata rufaa. Na bodi ikikataa, Jess atasubiri nafasi, na tutatafuta namna ya Ijumaa. Sikuahidi muujiza, Twyla. Nimekuahidi hesabu ya haki."

Dell aliandika barua hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Mtu ambaye hakuwahi kuandika hata bei ya asali kwenye ubao alikaa saa nzima akisonya na kufuta. Nilimwona, na niliona fahari kuwa jirani yake.

Siku ya sita Bwana Purdy alipiga simu mwenyewe. Nilikuwa kwa akina Haskett nikinunua asali, na Dell aliweka simu kwenye sauti kubwa.

"Dell, tumehesabu upya," alisema. "Wako kumi. Orodha yetu ilikuwa ya zamani, na hilo ni kosa la ofisi yangu. Kibali cha Jess kinatumwa leo."

"Nashukuru sana, Bwana Purdy. Basi, nitakuja nikupe mkono."

"Njoo. Lakini nitakupa na karatasi."

Dell alicheka mpaka akashika mgongo wake. Jess hakucheka. Alitoka nje mbio, akakatiza shamba moja kwa moja hadi kwetu. Nilipofika nilimkuta amemkumbatia Verna, chupa ya pichi ikiwa katikati yao.

"Wewe ni wa kumi na moja," Verna alimwambia. "Kaifanyie kazi nafasi hiyo. Kuna mtoto mwingine angeitaka."

Januari malori yalishuka kusini. Verna alikuwa amemkumbusha Dell kuiarifu shule kwamba safari ni ya muda na nyumbani ni palepale. Kila asubuhi Jess aliingia darasani kwa kompyuta ndani ya pikapu ya baba yake. Mwalimu aliwaita wanafunzi kwa majina. Asiyeingia alipigiwa simu siku hiyohiyo. Mchana alivaa wavu usoni akafungua mizinga. Kwenye somo la baiolojia aliwaonyesha wenzake fremu iliyojaa nyuki, mbele ya kamera. Mwalimu alikiri kwamba siku hiyo mwanafunzi alikuwa yeye mwenyewe. Alirudia hesabu na kemia, akafaulu zote mbili.

Verna aliiona ripoti hiyo. Aliisoma mara mbili, akaibandika kwenye mlango wa friji, juu ya picha za wajukuu zetu. Hiyo ilikuwa Aprili. Mwezi wa kumi alifariki.

Juni iliyofuata Jess alimaliza shule pamoja na wenzake, bila kuchelewa hata muhula. Chuo kikuu kimempokea. Anasomea wadudu.

Wiki moja baada ya mahafali, Dell na Jess walikuja kwangu. Dell alitaka kuweka mizinga arobaini kwenye shamba langu la lusini, majani ya kulishia mifugo, kama alivyofanya kila mwaka. Alininyooshea mkono, nami nikaushika. Nilidhani yameisha.

Dell akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi mbili za mapatano yetu. Zilikuwa na mistari saba kila moja, pamoja na tarehe.

"Nini hiki?" nilimuuliza. "Miaka yote hii hukuwahi kuniletea karatasi."

"Bi Verna angetaka nakala," alisema.

Tulitia sahihi mezani pa Verna. Jess akatia sahihi ya shahidi. Nakala moja aliichukua Dell. Yangu niliiweka kwenye faili la Verna, nyuma ya barua ile yenye muhuri, mahali ambapo angeitafuta.