Nani Alivaa Buti Zangu Ziwani?

Nilikuwa natafuta soksi nzito. Ndugu zangu, soksi tu!

Chini ya karatasi ya kutandikia droo ya mke wangu, vidole vyangu vikagusa kitu kigumu. Nikavuta. Ilikuwa picha.

Mke wangu amekaa juu ya jiwe, miguu iko ndani ya maji, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Nyuma yake kuna milima. Pembeni, juu ya jiwe lilelile, kuna viatu vya kiume vimevuliwa na kupangwa vizuri.

Zilikuwa buti zangu. Nilizijua kwa kamba nyekundu, maana kamba zile nilizitia kwa mkono wangu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ziwa lile mimi sijawahi kufika. Ndiko tunakopanga kwenda wiki ijayo, mimi na yeye, siku tatu za likizo ya msimu wa joto.

Tunapanga! Hatujaenda!

Kwa msionijua, mimi ni fundi viatu. Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye benchi moja, jirani na lango la kituo cha mabasi. Mke wangu anafundisha chekechea, kwa hiyo likizo yake ndiyo likizo yetu.

Safari nimeiandika yote kwenye daftari. Siku ya kwanza, basi hadi chini ya milima, tulale nyumba ya wageni. Siku ya pili, ziwa la chini, halafu njia ya kwenye misonobari hadi ziwa la juu. Kuna njia ya mkato na ya mzunguko. Nimechagua ya mzunguko, kwa sababu goti lake la kulia halipendi mteremko.

Nimeandika mpaka makoti ya mvua na chupa za maji. Mtu anayepanga hivyo kwa ajili ya mkewe, jamani, anastahili kufanyiwa haya?

Na buti zenyewe nimezitia soli mpya wiki iliyopita. Soli nene, zenye meno. Hazijakanyaga hata uwanja wa nyumba.

Nikaenda kuziangalia kwenye boksi la viatu. Tupu.

Nikaanza kupekua. Uvunguni hakuna. Juu ya kabati hakuna. Mwisho nikazikuta nyuma ya cherehani, zimefungwa kwenye shuka kuukuu, na shuka limefungwa kwenye mfuko. Mtu hafichi hivyo kitu kisicho na kesi.

Tope lilikuwa limekauka kwenye mishono. Meno ya soli yalikuwa yameanza kuliwa. Nikakaa sakafuni.

Mtu alikwenda na mke wangu ziwani, akiwa amevaa viatu vyangu.

Nani? Hapo sikuhitaji kuwaza sana.

Mdogo wangu ni dereva wa gari la abiria. Namba ya kiatu chake na changu ni moja tangu utotoni, tulikuwa tunapokezana. Siku hizi hazipiti siku mbili hajaja hapa. Anakaa jikoni na shemeji yake, wanaongea kwa sauti ya chini. Nikiingia, wanaanza habari za mvua.

Unganisheni wenyewe.

Nikachukua sanduku tuliloliandaa kwa safari. Nikajaza nguo zake, zilizokunjwa na zisizokunjwa. Nikaliweka nje ya mlango.

Saa sita mchana akarudi na kikapu cha mboga. Akaliona sanduku. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Aliweka kikapu chini, akakaa juu ya sanduku, akaanza kusugua goti lake. Akaniuliza taratibu kama nimeiona picha.

"Nani alivaa viatu vyangu?"

 Akachukua simu, akampigia mdogo wangu mbele ya macho yangu.

"Njoo, shemeji. Ameziona."

Yaani hawaogopi hata kidogo!   Nilitaka kulia, nikaona aibu kulia mbele ya mtu anayenisaliti. Nikabaki nimesimama mlangoni kwangu kama mgeni.

Mdogo wangu alifika upesi, gari ameliacha limekaa upande barabarani. Sitawaficha, nyundo yangu ya kazi ilikuwa mkononi. Aliiona. Akapita kando yangu, akaingia ndani, akakaa sakafuni.

Nilimwambia yote. Kwamba nilimlea baada ya baba kufariki. Kwamba shati langu la shule ndilo alilosomea yeye. Hakukana hata moja na hakuomba msamaha. Alivua viatu vyake, akavigeuza soli juu, akavipanga kando ya buti zangu.

"Kaka, kwa maneno hutatuamini. Soma."

Ndugu zangu, kusoma soli ndiyo kazi yangu. Mteja akiniletea kiatu, kabla hajafungua mdomo najua anatembea vipi, anabeba mzigo bega gani, na anafanya kazi ya kusimama au ya kukaa. Mdomo wa mtu unaweza kunidanganya. Kiatu chake, sijaona.

Nikapiga magoti. Hasira hazijaisha, lakini mikono ikafanya ilichozoea.

Viatu vya mdogo wangu ni vya dereva kabisa. Kisigino cha kulia kimeliwa nyuma, pale kinapoegemea sakafu akikanyaga mafuta. Cha kushoto ni kizima.

Nikachukua buti. Kisigino cha kulia ni kizima. Cha kushoto kimeliwa upande wa nje, kwa mshazari, na ncha imekwaruzwa. Aliyevaa hizi anaburuta kidogo mguu wa kushoto. Huyu aliwahi kuvunjika kifundo cha mguu, na hakikuunga sawasawa.

Nikatazama kandambili zangu pale mlangoni. Ya kushoto imeliwa upande wa nje, kwa mshazari.

Nilianguka na baiskeli nikiwa na miaka kumi na mmoja.

 Nikaiweka nyundo chini.

"Tulikwenda mwaka jana," mke wangu akasema. "Siku tatu, kama ulivyopanga. Picha ile ulinipiga wewe."

Yaliyobaki walinieleza kwa zamu, polepole, kama watu wanaoijua njia. Kwamba daktari alituambia tukiwa wote wawili, mimi nimekaa kiti cha karibu na dirisha. Kwamba kumbukumbu za zamani nitabaki nazo kwa muda, lakini mpya zitakuwa zinadondoka. Kwamba benchi langu limefungwa tangu mwanzo wa mwaka. Na kule jikoni huwa wanapangana nani atakaa na mimi mke wangu akiwa shuleni.

Soli nilizozitia wiki iliyopita, nilizitia mwaka jana.

Nikamuuliza kwa nini basi alizificha, tena na tope lake.

"Ukiziona utazitia soli mpya," akasema. "Siku hiyo sitakuwa na shahidi tena."

"Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya nne, baba watoto."

Mdogo wangu akaingiza sanduku ndani. Mke wangu akaanza kukunja upya nguo nilizozivuruga, na mimi nikamwomba anisimulie safari yetu.

Akanisimulia. Kwamba maji yalikuwa baridi, nikapiga yowe mpaka watu wa ng'ambo ya ziwa wakageuka. Kwamba njia ya mzunguko niliyoisifia ilikuwa na mteremko mbaya kuliko ile ya mkato, ikabidi nimbebe mgongoni, naye akinicheka njia nzima. Nikasubiri nikumbuke hata kitu kimoja, harufu ya misonobari tu, uzito wake mgongoni tu. Hakikuja kitu. Nilimsikiliza kama mtu anayesimuliwa safari ya mwanamume mwingine, na nikamwonea wivu mwanamume huyo.

Ndipo nikafungua ukurasa huu niwaandikie. Nikakuta nimeshawaandikia.

Mara tatu! Picha ileile, buti zilezile. Kila mara nimeishia sanduku likiwa nje, na kila mara mmenijibu kwa mamia. Mfukuze. Mdogo mtu ndiye mbaya zaidi. Wanawake wote ni hivyo, kaka, kaza moyo.

Ile mara ya pili niliwasikiliza. Nikafunga mlango kwa ndani, na mke wangu akakaa kwenye ngazi, mvua inamnyeshea na goti lake lile, mpaka mdogo wangu akaja. Hamkujua. Hata mimi sikumbuki, nimeambiwa leo.

Kwa hiyo somo la leo ni lenu na langu. Machozi ya mtu yanaweza kuwa ya kweli kabisa na habari yake isiwe ya kweli. Kabla hujamwambia mtu avunje nyumba yake, uliza aliyetolewa nje anasemaje.

Mke wangu amekaa hapa pembeni, anachungulia ninachoandika na kunirekebisha. Daftari liko wazi mezani. Nimemuuliza kama tutakwenda ziwani wiki ijayo, akasema tutakwenda. Sijui kama ni kweli au ndilo jibu lake la kila siku. Sina namna ya kujua.

Ila nawaomba kitu kimoja. Mkiniona tena hapa nalia kwamba nimesalitiwa, msiniambie nimfukuze. Msibishane nami pia, sitawaamini.

Niandikieni hivi tu: Fundi, geuza buti, angalia kisigino cha kushoto.