Posa Kwenye Waya

Treni kutoka Dar ilichelewa siku hiyo, na ilipofika, stesheni ya Ifakara ikawa vurugu tupu: magunia yanapandishwa, kuku wanateremshwa, kila mtu anamkanyaga mwenzake. Katikati ya msukosuko huo alisimama Paskazia, gauni lake la kitenge cha njano limeshaingia masizi, akigombea boksi na mama mmoja aliyeapa kwamba ndani mna televisheni yake.

Kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa mpaka linakata, akainama akasoma maandishi ya boksi.

"Shikamoo mama. Hiki ni kioo cha kompyuta. Ukikipeleka nyumbani, taarifa ya habari hutaiona."

Mama akaachia. Paskazia akamtazama mkombozi wake juu hadi chini.

"Na wewe ni nani?"

"Nkwabi. Fundi wa kompyuta."

"Msukuma asiyechunga ng'ombe? Kweli dunia imefika mwisho."

"Ng'ombe wako Namawala kwa baba. Hata wao wanashangaa."

Paskazia akacheka, na mwanamke akishacheka hivyo, ndugu zangu, habari imekwisha.

Ilikuwa mwaka tisini na nane. Paskazia aliishi Viwanja Sitini kwa shangazi yake Yosefina, mjane aliyestaafu kazi ya kupiga chapa. Nyumba ndiyo ilikuwa ofisi yao ya kuchapa barua za watu. Kompyuta moja ilikaa sebuleni kwa Paskazia, ya pili chumbani kwa shangazi pamoja na printa, maana sebuleni vumbi halina adabu. Barua iliyochapwa sebuleni ilibebwa kwa diski mpaka chumbani, na diski zenyewe zilikuwa zinapotea kama sindano. Nkwabi akaitwa. Akatoboa ukuta, akapitisha waya mweusi, mashine mbili zikaanza kuonana.

"Mama, waya huu ukichomoka upande mmoja, pande zote zinalala," akaonya.

"Basi atakayeugusa kwa fagio atanitambua," akasema shangazi.

Shangazi alitunga na sheria zake. Kazi zote ziwekwe kwenye folda moja iitwayo WATEJA, ili yeye akiwa chumbani aone kila kinachochapwa sebuleni. Neno la siri walijue yeye, Paskazia na fundi tu. Kucheza karata kwenye kompyuta saa za kazi ni marufuku. Sheria hiyo ya mwisho aliivunja mwenyewe kila baada ya chakula cha mchana.

Waya haukuwa na ugonjwa, lakini Nkwabi hakuacha kuja kuupima. Asipokuja, alipiga simu.

"Haloo. Waya unaendeleaje?"

"Waya mzima. Mgonjwa ni mwenye waya."

"Anaumwa nini, laazizi?"

"Hajamwona fundi tangu juzi."

"Kesho naleta dawa. Mwambie ajikaze."

Chumbani shangazi angekohoa kikohozi kisicho na mafua, na Paskazia angekata simu huku anajichekea.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Jumatatu moja. Nkwabi alikaa kwenye mashine ya shangazi kuisafisha, Paskazia akaenda kununua karatasi. Aliporudi alikuta chai haijaguswa na fundi ameondoka. Kesho yake akampigia dukani kwa Dionisi, ambako Nkwabi alizoea kupokelea simu.

"Amekwenda Lupiro kumalizia kazi ya mashine ya mpunga," akasema Dionisi. "Jumamosi anahamia Mwanza moja kwa moja, kapata kazi huko. Kasema ukipiga nikupe hongera."

"Hongera ya nini?"

"Dada, mimi ni mwenye duka tu."

Paskazia alilia siku tatu. Alilia akipika, alilia akichapa. Alipenda, na aliyempenda anaondoka bila hata kumwambia kosa lake. Kuna kinachouma kuliko hicho?

Ijumaa asubuhi akaingia mteja, Eustaki, amevaa koti na hasira.

"Juzi mmenichapia barua ya posa. Mshenga kaisoma mbele ya wazee wa mchumba wangu Sikitu. Mwanzo kamtaja Sikitu, katikati kasema tunamwomba binti yenu Paskazia. Paskazia ndiye nani?"

Shangazi akavaa miwani. Sasa mjue hivi: shangazi alichukia kuanza barua upya. Alikuwa na posa ya mfano ndani ya WATEJA, mwoaji akiwa Joachim, mwolewaji Paskazia, na chini yake jibu la mfano la wazazi: tumeipokea kwa furaha, tumekubali. Mteja akija, majina yanabadilishwa. Safari hii aliyebadilisha alikuwa na machozi, jina moja likampita.

Paskazia akaishika ile karatasi, kisha akakaa chini taratibu.

"Shangazi. Jumatatu Nkwabi alikuwa kwenye mashine yako. Folda nzima ilikuwa mbele yake."

"Kasoma posa."

"Na jibu lake."

"Sasa umekaa unangoja nini? Toa nakala, vaa viatu. Ndugu Eustaki, wewe keti, barua yako nitaiandika mwenyewe."

Paskazia alivuka mto Kilombero kwa pantoni, akakodi baiskeli, akafika Lupiro saa nane mchana. Nkwabi alikuwa kwenye kinu cha kukobolea mpunga, pumba mpaka kwenye kope, anafunga nyaya za mota. Alipomwona akashusha macho.

"Umekuja kunialika?"

"Nimekuja kukuuliza. Hii ndiyo uliyoisoma?"

Akaitazama karatasi. "Ndiyo hiyo. Huyo Joachim ana bahati."

"Joachim ni marehemu mume wa shangazi. Alifariki mwaka themanini na tisa. Ukitaka kugombana naye, nenda makaburini. Hii ni barua ya mfano, Nkwabi. Kila anayeposa Viwanja Sitini ananiposa mimi kwanza."

Nkwabi akakalia gunia. Akasoma tena, midomo ikimcheza, halafu akajifuta uso kwa mkono wenye grisi.

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema Paskazia.

"Niliona jibu limeshachapwa. Nikasema mwenye haya huondoka mapema. Nisamehe, mpenzi. Sijalala tangu siku ile."

"Siku nne umenitesa," akasema Paskazia, na machozi yakamtoka tena, ila haya yalikuwa mepesi, yanashuka na kicheko. "Na Mwanza?"

"Mwanza watapata fundi mwingine."

Mwenye kinu akawasha mota, kelele ikajaa banda. Nkwabi akamwinamia Paskazia sikioni na kumwuliza kama atakubali kuwa mke wake. Paskazia akamjibu sikioni kwamba amekubali. Kisha akamfanyia mwenye kinu ishara azime, akarudia kwa sauti, ili akina mama waliokuja kukoboa wasije wakapeleka habari nusu.